Dume wa Mkia Mpana

Hapa Ndagoni walinicheka wee, mpaka wakachoka. "Bahari yote hii, wewe unafuga samaki ndani ya friji bovu na mabeseni! Tena hata kitoweo hawafai!" Nikawaambia kila mtu na wazimu wake, niacheni na wangu.

Wangu ni gapi, samaki wa mapambo wasiozidi kidole. Hawatagi, huzaa vitoto ambavyo vikitoka tu vinaogelea. Mbegu niliitoa Dar, nimeipakata kwenye mfuko wa plastiki njia nzima. Nilichokitaka ni mkia. Kila uzao nilibakisha madume wenye mikia mipana, wengine nikawamwaga kisimani wakale viluwiluwi vya mbu. Miaka miwili hiyo, ndipo akazaliwa dume mmoja, mkia wake ukifunguka ni kama kanga iliyoanikwa uani. Mmoja tu! Na gapi umri wake mfupi. Akifa kabla ya kuzalisha, kazi yote imekwenda na maji.

Basi nikawa situlii. Namimina chai, naiacha ipoe nikachungulie beseni lake. Nasimama kuswali, roho iko uani. Majike nilikuwa nimewatenga tangu wachanga, maana jike akishapandwa na dume ovyo huendelea kumzalia kwa miezi. Walikuwa wamekua, na jioni ya siku ile ndiyo ningewatia pamoja.

Asubuhi kulikuwa na bamvua, maji yamekupwa mbali, na mwani wangu ulikuwa haungoji. Nikamwachia Baba alinde mabeseni, paka na kuku wasiyakaribie. Baba alikuwa nahodha mpaka kiharusi kilipomchukua mguu wa kushoto. Sasa anatembea kwa mkongojo, mguu unamfuata nyuma. Kukaa pale uani kwenye kigoda chake, karibu na mabeseni, kulimpa kazi, naye aliipenda.

Kule kwenye mwani mikono inafunga kamba, akili haipo. Nikarudi mbio, kanga imelowa mpaka kiunoni. Beseni la dume lilikuwa tupu.

"Baba, dume wangu yuko wapi?"

"Nimemtoa. Mgonjwa yule, mwanangu. Nilimtia na madume wenzake nimpime, wote wanampita. Anaburura mkia. Samaki akilegea hutolewa mapema, asiwaharibu wengine."

Jicho la mvuvi hilo! Miaka yote amechagua samaki kwa nguvu zake, na mkia nilioutafuta mimi yeye ameuona ugonjwa. Ningemweleza. Lakini nilikuwa nimechemka, ulimi ukanitangulia.

"Kumbe anayeburura ni wa kutupwa? Mbona wewe upo?"

Wallahi, nilisema hivyo. Kwa baba yangu.

 Akashika mkongojo, akainuka kwa taabu, akaingia chumbani. Nilisikia mguu wake ukikwaruza sakafu, kwenda na kurudi. Akatoka na bakuli lake la uji mkononi, amelifunika kwa kawa. Ndani ya maji, juu ya jani la mti wa mkungu kama alivyoniona nikiwatilia samaki wangu wagonjwa, dume alikuwa amekunjua mkia wake wote, mzima kabisa.

"Sijamtupa," akasema. "Nimemtenga nimuuguze. Nilimweka karibu na kitanda nipate kumwona."

Nikapiga magoti palepale na matope yangu ya pwani, nikamshika miguu yote miwili. Nikalia, nikamwomba radhi. Akaniwekea mkono kichwani, akasema, "Nimekusamehe, mwanangu. Hasira hizo umezirithi kwangu." Najua alisamehe kweli, Baba si mtu wa kuweka kinyongo.

Dume alizalisha. Sasa mabeseni manne yamejaa mikia mipana, wote wanaogelea polepole, wanaburura, na wale wale walionicheka wanakuja kutazama. Mimi bado situlii, ila sasa ni kwa jambo jingine. Tangu siku ile kigoda cha Baba hakijarudi uani. Hukaa mlangoni, akiona kuku amekaribia beseni hutupa kijiwe kutoka hukohuko.

Kila nikichagua mbegu namwita. "Baba, njoo unisaidie. Yupi abaki?"

Hutabasamu, akatikisa kichwa.

"Chagua wewe," hunijibu. "Mimi wote naona ni wa kubaki."