Msusi Aliyeigiza Mtaa Mzima

Msusi alikuwa na ugonjwa wa kuiga watu tangu utotoni, na kazi yake ilizidi kuuchochea. Ukishika kichwa cha mtu mchana kutwa, utake usitake, unabaki na sauti yake, kikohozi chake, na namna anavyosema "mimi si mtu wa maneno" kabla ya kuyamwaga. Wateja walikuja saluni kusukwa na kumsikia akimwiga jirani, wakacheka mpaka machozi, bila kujiuliza wakishatoka wao ataigwa nani. Nyani haoni kundule.

Mwalimu wa shule ya msingi, aliyekuwa akifundisha maigizo jioni, ndiye aliyemwambia kwamba kipaji kile kinaozea kwenye nywele za watu. Akamtaka atunge mchezo na aucheze peke yake, yeye mmoja awe watu wote.

"Mchezo wa nini?" Msusi aliuliza.

"Anza na jambo ambalo hujawahi kulitaja hapa saluni."

Msusi akalijua jambo hilo papo hapo, na akakasirika. Siku ile alisuka kimya mpaka wateja wakadhani anaumwa jino.

Ilikuwa ile wiki ya marungu, alipokuwa na miaka minane. Mtaa wa juu na mtaa wa chini waligombania bomba la maji, au ndivyo ilivyosemwa, maana watu hawavunjani mifupa kwa ajili ya ndoo kama hawakuwa na hamu hiyo tangu zamani. Watu walikufa. Watu wachache wa mtaa wa juu waliokuwa wakiishi mtaa wa chini, kwao Msusi, walivunjiwa milango, wakakimbia na nguo walizovaa. Fundi saa alikuwa mmoja wao, na binti yake alikuwa rafiki wa Msusi wa kufa na kuzikana. Binti huyo hakupata nafasi ya kuaga, na hakurudi tena.

Basi mchezo ulimhusu msichana wa miaka minane katika wiki ile. Lakini mtaa haukuelewa hivyo. Mtaa ulichoelewa ni kwamba unaigizwa, na kila mtu akaja saluni kujipangia sehemu yake.

Mwenye bucha alitangulia, amebeba kifurushi cha nyama ya bure ambayo nusu yake ilikuwa mfupa.

"Nasikia nimo."

"Umo."

"Nafanya nini?"

"Unajificha ndani ya friji la bucha."

Mwenye bucha akatafakari. "Sikujificha. Nilikuwa nalinda nyama."

"Ulitoka na mafua ukalala siku kadhaa."

"Haya, basi niilinde nikiwa nimesimama. Usinikunjekunje mbele za watu, dada. Nina wakwe."

Mama muuza mboga yeye alikuja kusukwa makusudi, apate muda wa kulalamika. "Sauti yangu haiko hivyo," alisema, kwa sauti iliyomwamsha mbwa ng'ambo ya barabara. Msusi akakaza msuko mmoja karibu na sikio. Mama muuza mboga akakubali kwamba labda iko hivyo kidogo.

Aliyebaki ni baba yake. Mzee alikuwa mwashi mpaka magoti yalipomgomea, na sasa aliishi na bintiye katika chumba cha nyuma ya saluni. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye benchi la wateja na kukosoa kuta zilizojengwa na wengine. Asubuhi moja akaweka kikombe chini.

"Mwenye bucha anatamba mtaa mzima kwamba yumo. Muuza mboga yumo. Hata mbuzi wa mwenye nyumba yumo. Mimi je?"

"Wewe sikukuweka, baba."

"Mimi niliyekuzaa?"

"Mchezo ni mfupi."

"Mbuzi kapata nafasi."

Tangu hapo akamnunia. Kama alikuwa na neno, alilipitisha kwa wateja: mwambieni huyo dada chai yake leo haina sukari. Wateja walifikisha ujumbe kwa uaminifu, na majibu pia, ingawa wawili hao walikuwa wamekaa hatua chache tu mmoja kutoka kwa mwenzake.

Ukweli ni kwamba alikuwa amemweka, kisha akamtoa. Wiki ile ilipokwisha, baba yake aliingia nyumbani na viatu vyeusi vya shule. Msusi alikuwa akienda shule miguu mitupu, na furaha ilimjaa. Kisha akaona kwamba kiatu kimoja hakina kifungo, kimebanwa kwa pini. Pini ile aliibana yeye mwenyewe, amepiga magoti mbele ya rafiki yake, wote wawili wakicheka.

"Baba, hivi ni vya nani?" aliuliza.

"Vyako. Nimekununulia."

Vikamtosha, na akavivaa mpaka vikapasuka. Alikuwa akimpenda baba yake kuliko mtu yeyote duniani, na aliendelea kumpenda, ila tangu siku ile alimpenda huku akimchungulia.

"Pasipo viatu huna mchezo," alimwambia Mwalimu, ambaye alikuwa amesomewa mchezo kabla baba hajatolewa. "Una mtaa mzima humu, lakini msichana hayumo."

"Ni baba yangu. Mimi ndiye ninayempashia maji ya kuoga kila jioni. Nikimweka, atapita wapi mtaani?"

"Na usipomweka?"

Msusi akiviacha viatu nje, mchezo wote ni porojo za saluni. Akiviingiza, anamvua baba yake nguo hadharani akiwa mzee. Mwishowe akakata shauri kwa woga: msichana atavikuta viatu mlangoni, na aliyeviweka hatajulikana.

Siku ya mchezo ukumbi wa shule ulijaa mpaka madirishani. Mzee alikuja na koti lake la harusi, akakaa mbele kabisa, bado amenuna. Msusi akaingia na kipande cha kitambaa, basi. Akikifunga kichwani, ni muuza mboga. Akikitupa begani, ni mwenye bucha. Akikikokota chini, mbuzi.

Mtaa ule haujui kutazama kimya. Muuza mboga wa jukwaani aliposalimia, muuza mboga wa kwenye kiti akaitikia, kisha wakabishana kidogo bei ya nyanya. Friji lilipofika, mwenye bucha akasimama kuwaeleza wakwe zake kwamba hapo alikuwa analinda nyama. Wakwe walicheka kuliko wote.

Kisha Msusi akaanza kugonga mbao za jukwaa kwa ngumi, kama milango ilivyogongwa, na kicheko kikapungua kidogo kidogo mpaka kikaisha. Akapiga magoti, akavaa viatu visivyokuwepo. Sasa alitakiwa kushangaa ni nani aliyeviacha mlangoni. Lakini kinywa kilichozoea kuwasema watu walivyo kilikataa kubadilisha.

"Baba," alisema kwa sauti ya mtoto, "hivi ni vya nani?"

Jibu lilikuwa lake pia. Alipaswa kufunga kitambaa kiunoni na kuwa baba. Mkono ukagoma. Alibaki hapo kwenye magoti, na watu wakadhani ndio ufundi wenyewe.

Kiti cha mbele kikalia. Mzee alikuwa amesimama, ameshikilia mgongo wa kiti.

"Vya binti wa fundi saa," alisema, akimtazama mwanawe moja kwa moja. "Niliingia kwao na wenzangu. Nikaviona, nikakumbuka wewe huna. Nilikuambia nimenunua, mwanangu. Sikununua. Niliiba, na wao walikuwa wanakimbia kuokoa roho zao."

Mwenye bucha aliinama akatazama mikono yake.

"Ile saa ya ukutani pale kwangu," alisema, "ni ya kwao."

"Masufuria," alisema muuza mboga, na safari hii sauti yake ilisikika kwa shida. "Mawili. La tatu nilimpa dada yangu."

Nyuma huko mtu akataja godoro. Mwingine akasema yeye hakuchukua kitu, alifunga tu mlango wake wale waliokuwa wakikimbia walipobisha, na alipolisema hilo machozi yakamtoka.

Msusi aliketi jukwaani, kitambaa mapajani, akiwasikiliza. Alimwonea baba yake aibu na huruma kwa pamoja, na kifua kilikuwa chepesi kwa mara ya kwanza tangu akiwa na miaka minane. Lakini macho yake yalikuwa yakipita safu kwa safu, uso kwa uso, yakimtafuta mtu mmoja aliyestahili kuyasikia yale yote, naye hakuwepo.