Vyuma vya Wawindaji

Adrienne alijifunza kuchora chuma kwa mwanga wa leza kiwandani, kusini mwa Stockholm, ambako kwa miaka tisa kazi yake ilikuwa kuandika namba juu ya pampu za maji. Kiwanda kilipohamishwa nje ya nchi, wafanyakazi waliagwa kwa kahawa na keki, na mashine kuukuu zikauzwa. Yeye akanunua moja.

Alikodi chumba chini ya jengo la ghorofa huko Vällingby, chumba kisicho na dirisha, karibu na pale wapangaji wanapoweka baiskeli. Aliyemsaidia kushusha mashine ngazini alikuwa kaka yake, Zacharie, dereva wa basi na mzee wa kanisa letu la Tumba. Walipomaliza kuiweka juu ya meza, Zacharie alivua kofia akaiombea ile mashine, ilishe nyumba na isimdhuru mtu. Adrienne alicheka kidogo, lakini alisema amina.

Lazima niseme Zacharie alikuwa nani kwake. Mwaka 1996, baba yao alipouawa kwenye barabara ya Mboko, kwetu Fizi, mashariki mwa Kongo, Adrienne alikuwa na miaka saba na Zacharie kumi na sita. Zacharie alimfunga mgongoni kwa kitenge, mtoto mkubwa hivyo, akatembea naye hadi ziwani, wakavuka kwenda Kigoma. Kambini alimsuka nywele yeye mwenyewe, vibaya, mpaka wanawake wa jirani wakamhurumia wakamfundisha. Alikataa kuoa kabla mdogo wake hajamaliza shule. Adrienne hakumwita kwa jina hata siku moja. Alimwita Yaya, kama sisi watu wa Fizi tunavyomwita mkubwa wetu.

Mwanzoni kazi ilikuwa vibao vya milango, vikombe vya maharusi, na vibati vya kuvalisha mbwa shingoni. Kisha akaja Sixten, fundi seremala mstaafu wa Hässelby, akitaka kibati cha mbwa wake wa kuwindia. Adrienne alikichora kichwa cha mbwa kutoka kwenye picha ya simu. Mzee alikitazama kwa muda mrefu, akauliza kama picha ile ile ingeweza kuwekwa kwenye bunduki yake.

Adrienne alisema atafikiri. Baada ya wiki, Sixten alileta kipande tu, si bunduki: ile sahani ndogo ya chuma inayofunika risasi upande wa chini, ambayo hata sheria haiihesabu kuwa silaha. Adrienne aliibana kwenye jiriwa, akaipangusa kwa spiriti, akavaa miwani. Mwanga ukapita na kurudi, ukapita na kurudi, na mbwa akatokea kwenye chuma, na nyuma yake mti wa msonobari.

Sixten aliwaonyesha wenzake wa uwindaji. Kufikia Agosti, msimu wa kuwinda älg ukikaribia, yule mnyama wa pembe pana mwenye urefu wa farasi, foleni ya Adrienne ilijaa wiki nne. Na ukweli ni kwamba aliipenda kazi ile. Namba za pampu hazikuwahi kumuuliza anaweza nini. Sasa alijifunza kupunguza na kuongeza nguvu ya mwanga mpaka manyoya ya ndege yakaonekana moja moja, mpaka ukungu wa ziwani ukaonekana ni ukungu.

Kwa Yaya alisema anachora vibao. Haikuwa uongo mtupu. Alijiambia atamweleza siku ikifaa.

Jumamosi moja Zacharie alikuja kumfungia bomba la kutolea moshi. Alikuwa juu ya ngazi Sixten alipoingia kuchukua sahani ya pili, zawadi ya mkwewe. Mzee alifurahi kumkuta kaka wa fundi. Alimwekea sahani kiganjani, akamweleza polepole kwa Kiswidi inakaa wapi kwenye bunduki. Zacharie aliigeuza mbele ya taa, akasema ni nzuri sana, akairudisha kwa mikono miwili. Sixten alipoondoka, alishuka ngazi akakaa kwenye kigoda.

"Vyote hivi ni vya bunduki?" aliuliza, akitazama bahasha zilizopangwa rafuni.

"Ni vya wawindaji, Yaya. Wanaua mnyama, wanakula nyama. Hiki ni kifuniko tu, hakipigi mtu."

Zacharie akamwambia jambo ambalo hakuwahi kulisema kwa miaka yote ile.

"Wewe hukuona. Nilikuficha uso kifuani kwangu. Yule aliyempiga baba, bunduki yake ilikuwa na jina kwenye kitako. Furaha. Limechongwa kwa msumari, na ua pembeni. Nilikuwa nimesoma, nikalisoma." Alipangusa mikono kwenye suruali. "Tangu siku ile namwaza mtu aliyekaa akalichonga lile ua. Hakuwa na haraka. Alitaka lipendeze."

Adrienne aliniambia kwamba kama angelia wakati ule, mambo yangekwenda vingine. Lakini alihisi kwamba anashtakiwa, na kwamba kosa aliloshtakiwa nalo lilifanywa na mtu mwingine, kwa msumari, mbali sana na Vällingby. Akajibu haraka.

"Ulinibeba mara moja, Yaya. Utanibeba mpaka lini?"

Zacharie alipanda tena ngazi, akakaza skrubu mbili zilizobaki, akalijaribu bomba kwa mkono, likakaa imara. Akaweka bisibisi mezani, akavaa koti, akaenda.

Tangu hapo hakupokea simu ya Adrienne. Hakumsema vibaya kanisani wala nyumbani, na mtu akimuuliza habari za dada yake alijibu kwamba ni mzima. Adrienne alituma ujumbe. Zile alama mbili zikageuka buluu, ikawa basi. Aliacha kusali Tumba, akahamia kusanyiko dogo la Vällingby. Kila mwezi alikusudia kwenda kumpigia magoti, na kila mwezi alipata sababu. Angeweza kuacha vile vyuma, jambo hilo alilijua. Lakini kuviacha aliona ni kukubali kwamba mkono wake na mkono wa yule mtu wa ua ni mmoja, na hilo alilikataa. Tena aliamini Yaya atalegea. Yaya alikuwa amelegea siku zote.

Miaka miwili ikapita hivyo. Alma, binti ya Adrienne, alipomaliza darasa la tisa, Zacharie alimtuma mkewe, Orpha, na keki kubwa na bahasha yenye mstari wa Zaburi aliouandika kwa mkono. Alma aliuliza kwa Kiswidi, mbele ya wageni, kwa nini mjomba hakuja. Orpha akasema ana zamu. Adrienne alikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Novemba, saa sita mchana, Orpha alipiga simu karakanani. Zacharie alikuwa ameanguka kwenye chumba cha mapumziko cha madereva. Kiharusi. Adrienne alizima mashine katikati ya kazi, akaacha älg asiye na miguu kwenye jiriwa, akapanda metro hadi hospitali akiwa na miwani ya leza kichwani.

Alimkuta ameketi kitandani, mkono wa kulia umelala juu ya shuka kama si wake. Zacharie alimtazama. Macho yake yalimtambua, hilo hakuna anayelipinga. Kisha akafungua mdomo kwa shida.

"Ndiyo," alisema.

Adrienne alipiga magoti pale pale sakafuni. Hakuwa ameuliza kitu, lakini alisikia jibu la yote aliyokusudia kuuliza. Aliushika ule mkono uliolala, akaulilia, akamshukuru Mungu kwa Kibembe, lugha ya kwao ambayo huitumia mara chache. Orpha alisimama dirishani na hakusema neno. Baadaye akasema alishindwa kumnyang'anya furaha ile.

Akaingia nesi. Alimuuliza mgonjwa kwa Kiswidi kama kichwa kinauma. Zacharie akasema ndiyo. Akamuuliza jina lake nani. Akasema ndiyo. Akamwonyesha kalamu, akauliza ni kitu gani, na Zacharie akaitazama ile kalamu kwa bidii, jasho likimtoka, akasema ndiyo. Nesi akawaeleza kwa upole kwamba hutokea hivyo, ugonjwa hufuta maneno yote ukaacha moja, na lile moja hutoka kwa kila jambo. Huenda mengine yakarudi. Huenda yasirudi.

Adrienne alikuwa bado amepiga magoti.

Wiki ile ile alirudisha vyuma vyote, kila kimoja kwenye bahasha yake, pamoja na vile vilivyokwisha. Aliwaandikia wawindaji kwamba kazi hiyo haifanyi tena. Wengi walijibu kwa ukarimu. Sixten alikuja mwenyewe. Alisema mbwa wake alikufa masika, na sahani ile ndiyo picha anayoishika mkononi kila asubuhi, sasa anataka nyingine ya kuweka ukutani. Adrienne akamchorea mbwa kwenye kibao cha shaba, bila malipo. Kwa nini ameacha vyuma, hakumwambia, na mzee hakudadisi.

Sasa asubuhi anafanya kazi jikoni kwenye shule moja ya Hässelby, na alasiri anachora vibao vya milango. Jumamosi anakwenda Tumba. Anamnyoa Zacharie, anamkata kucha, anamlisha ugali wa muhogo kwa sombe, yale majani ya muhogo, huku Orpha akipumzika. Mtaalamu wa usemi amesema wazungumze naye kama kawaida, hivyo anampa habari za Alma, za theluji, za watu wa Fizi.

Mara moja tu aliuliza. Ilikuwa Machi, Orpha ameshuka kufua. Adrienne alisogeza kiti mpaka magoti yao yakagusana.

"Yaya, umenisamehe?"

"Ndiyo," alisema Zacharie.

Adrienne alijua hapaswi kuendelea, lakini akauliza tena, taratibu, macho yake yakiwa usoni pa kaka yake.

"Bado una hasira nami?"

"Ndiyo."

Lazima Zacharie aliona kitu usoni mwake, kwa sababu aliinua mkono wa kushoto, ule mzima, ukaelea hewani kama unatafuta mahali pa kutua. Ulitua begani kwa Adrienne, ukateleza, ukaanguka. Huenda alitaka kumshika. Huenda alitaka kumsogeza pembeni aone nje.

Orpha aliporudi na kapu la nguo aliwakuta wanatazama dirishani wote wawili. Adrienne akainuka, akachukua shuka upande mmoja, Orpha upande wa pili, wakaanza kulikunja.