Gobore la kuunganishiwa au bunduki ya kiwandani yenye kibali: yaliyotukuta nyumbani Mkalama

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wenzangu habari za jioni.

Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Lakini wiki hii nimeona uzi wa jamaa anauliza kama ni bora ahangaike na kibali anunue bunduki ya kiwandani, au atafute fundi wa kijijini amuunganishie yake, yaishe. Watu wanamjibu kwa utani na emoji za kucheka.

Jambo hilo limepita uani kwangu. Nimebadilisha majina tu, mengine yote ni kama yalivyokuwa.

Mimi ni mwanamke, mzaliwa wa Mkalama, Singida. Wale wanaokimbilia PM wakisikia neno mwanamke, tulieni kwanza msome.

Kwetu tumezaliwa wanne, mimi ndiye wa kwanza. Baba alitangulia, mama akafuata nikiwa kidato cha pili. Nikavua sketi ya shule, nikashika jembe. Anayenifuata ni Elia. Chini yake wako wawili, mmoja sasa yuko chuo cha ualimu, mwingine bado yuko sekondari.

Hao wote wamekula na kusoma kwa alizeti, mtama na mbuzi. Mbuzi zaidi. Kwa hiyo nikitaja mbuzi msidhani napiga story za kijijini. Mbuzi kwetu ni ada, ni dawa, ni bati la paa.

Sasa tatizo letu ni fisi.

Zamani fisi alikuwa anaiba na kukimbia. Siku hizi ameacha woga. Walianza na mbuzi wawili wa kwetu, wakarudi kwa wengine. Halafu mama mmoja jirani akashikwa begani asubuhi akienda kisimani, mchana wake watu wanampakia kwenye bodaboda kumpeleka hospitali huku damu inapita kwenye kanga tatu. Alipona, lakini mkono ule haubebi ndoo tena.

Hapo ndipo nilipoanza kufuatilia kibali cha kumiliki silaha.

Wanaojua mlolongo wake wanajua. Unaanza kijijini, unajadiliwa, unapelekwa kata, unajadiliwa tena, ndipo wilayani. Wanauliza majirani kama una hasira, kama unakunywa, kama una ugomvi wa shamba na mtu. Wanataka kujua utaihifadhi wapi na kama umefundishwa kuitumia. Mimi sikuona ubaya. Kitu kinachoua lazima waulize. Tatizo ni kwamba fisi hakai kwenye kikao kusubiri muhtasari.

Elia ndiye alikuwa ananicheka hivyo kila jioni.

"Dada, hicho kibali kitatoka fisi wameshamaliza mbuzi, wanaanza kula mlango wa banda."

"Acha wale mlango. Utatengeneza mwingine."

"Na wakimla mtu?"

Nilichokuwa sikijui ni kwamba Elia alikuwa ameshaongea na fundi. Ni mzee mmoja wa kijiji cha mbali kidogo, sitakitaja, anayeunda magobore. Sifa zake zilikuwa nyingi, kwamba bunduki zake zimelinda mashamba ya watu tangu ujana wake. Kazi yake ni ya vipande. Hakuletei bunduki nzima. Leo kinakuja hiki, wiki nyingine kile, siku ya mwisho anakuja mwenyewe kuunganisha kwako.

Na ana sharti lake. Risasi ya kwanza haipigi yeye. Inapigwa na mkubwa wa nyumba. Anaamini fundi akipiga, bunduki inamjua fundi, haitamtii mwenye nyumba.

Jumapili moja nimetoka kanisani, naingia uani, namkuta mzee amekaa kwenye kigoda changu cha jikoni. Elia amechuchumaa mbele yake. Kwenye gunia katikati yao kuna gobore limeshakamilika.

Nikamsalimia kwanza, maana hata kwenye hasira mzee husalimiwa.

"Shikamoo."

"Marahaba binti. Umekuja wakati mzuri. Kijana wako hapa amepata mlinzi."

Nikamtazama Elia. Elia akatazama gunia.

Naomba niseme kitu hapa kwa wale watakaouliza kwa nini sikuwafukuza. Elia ni mtu mzima. Ningemfukuza mzee pale uani, wangekutana porini kesho yake, na mimi ningeletewa habari tu. Habari yenyewe ningeipata kwa mtu anayekuja anakimbia. Nilitaka kama ni kutokea, itokee macho yangu yanaona.

Mzee akanyanyuka, akapangusa mikono. "Haya. Twendeni korongoni. Mkubwa wa nyumba apige ya kwanza, nipate kuondoka."

Elia akasimama.

"Kaa chini," nikamwambia.

"Dada, ngoja..."

"Mkubwa wa nyumba hii ni nani?"

Akaanza kukung'uta vumbi kwenye suruali.

"Elia, nakuuliza mbele ya mgeni."

"Ni wewe."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Binti, huo siyo mwiko wa ugali."

"Mzee wangu, sharti ni lako, mimi nimelikuta. Mama alipozikwa ukoo ulikaa hapa hapa uani. Nilikabidhiwa panga la baba na funguo za ghala, wanaume wote wa ukoo wakishuhudia. Akipiga mwingine, basi umevunja sharti lako mwenyewe."

Nadhani mzee alikuwa anatafuta pa kutokea, akakosa.

"Sawa. Piga wewe."

"Nitapiga. Lakini sitaishika."

Korongo letu liko nyuma ya shamba la alizeti, ni mto wa mchanga, kiangazi hauna maji. Upande mmoja kuna kisiki cha mgunga kilichobaki baada ya mafuriko. Nilimwambia Elia alifunge lile gobore kwenye kisiki, mdomo ukitazama ukuta wa udongo. Nikaenda kuchukua kamba ya kisimani, ndefu, tukaifunga kwenye kifyatulio.

Mzee alikasirika waziwazi.

"Silaha yangu inafungwa kama mbuzi wa sadaka! Miaka yote hii hakuna mtu amenidhalilisha hivi."

"Nisamehe mzee. Mimi ni mwoga."

"Sasa mwoga anataka bunduki ya nini?"

Sikumjibu. Tukajikinga nyuma ya kingo ya korongo, mimi, Elia na yeye. Nikavuta kamba.

Tak.

Basi. Ule mlio mdogo tu, kama mtu amegonga sufuria na kijiko. Halafu kimya.

Tukatazamana. Mzee akatoa pumzi. "Baruti imelala. Imepata unyevu njiani. Ngoja nikaiamshe."

Elia naye akaanza kunyanyuka. "Ngoja mimi mzee, wewe pumzika."

Nilimdaka Elia mkanda wa suruali, nikamrudisha chini akakaa kwa makalio. "Ukiinuka tena mimi siyo dada yako."

Lakini mzee alikuwa ameshapanda kingo. Anatembea polepole, anaongea peke yake kuhusu wanawake na kamba.

Nilimwita. Hakugeuka. Nikamwita tena kwa sauti ambayo sijawahi kumpigia mtu mzima.

Nikatoka mbio, nikamshika koti kwa nyuma, nikamvuta. Wakuu, nyie wa mjini mtaona ni kawaida. Kwetu kumvuta mzee nguo ni jambo la kuitishiwa kikao. Aligeuka amewaka, fimbo iko juu.

"Umenishika? Wewe mtoto umenishika mimi?"

"Nimekushika mzee. Nipige, lakini tukae chini kwanza."

"Niachie!"

"Sikuachii."

Na Elia kule nyuma, "Dada mwachie, ni kazi yake, anaijua!"

Kwa hiyo hapo nina mzee anavuta mbele, mdogo wangu anapiga kelele nyuma, na kitu kimefungwa kwenye kisiki mbele yetu hakisemi lolote. Kuna sekunde nilianza kujiona mjinga. Nilianza kulegeza vidole. Nasema kweli, nilianza kulegeza.

Ndipo likalia.

Siwezi kueleza ule mlio. Nilijikuta niko chini na mzee yuko juu yangu, vumbi limejaa mdomoni. Masikio yanapiga filimbi. Elia anafungua mdomo sisikii anachosema.

Tulipoweza kusimama tukaenda kuangalia. Risasi sijui ilikwenda wapi. Mtutu ulipasukia nyuma, upande wa mpigaji. Kitako kilikuwa kimechanika vipande vipande kama kuni. Kipande cha chuma kilikuwa kimezama kwenye udongo wa kingo ya nyuma, na Elia akasimama pale nyuma ya kisiki, mahali ambapo mpigaji angesimama, akapima kwa mkono usawa wa kile chuma mpaka mwilini mwake.

Mkono ulimfika shavuni.

Alikwenda pembeni akatapika.

Mzee aliokota kofia yake. Akaniangalia, akaangalia kisiki. Kisha akapita katikati ya alizeti akachukua baiskeli yake. Mpaka leo sijamwona.

Sasa wengi mnafikiri story imeishia hapo. Hapana. Mlio ule ulisikika kijiji kizima, na Jumapili watu wako nyumbani. Kabla hatujafika uani tukasikia pikipiki ya mtendaji wa kijiji inapanda.

Elia akanishika mkono. "Tuseme tairi la trekta limepasuka."

"Trekta la nani?"

Akafikiri. "Lilikuwa linapita."

"Elia, limepita wapi, juu ya alizeti?"

Kutengeneza au kumiliki silaha ya namna ile ni jela, wala siyo jela ya utani. Huwa kuna vipindi serikali inatangaza watu wasalimishe silaha kwa hiari bila kuulizwa. Wakati ule hapakuwa na tangazo lolote. Na mwombaji wa kibali katika nyumba ile ni mimi. Nikisema ukweli, mdogo wangu anaweza kufungwa. Nikificha, kuna kisiki kina vyuma, na kuna majirani wana masikio.

Nikaamua njiani pale pale, hatua chache kabla ya mlango.

"Mtendaji, shikamoo. Ni sisi. Twende ukaone, halafu tunaomba utusindikize kituoni tukaipeleke wenyewe."

Akabaki amekaa juu ya pikipiki. "Mmemuua mtu?"

"Hapana. Lakini imebaki kidogo."

Kituoni Elia alisema bunduki ni ya kwake. Mimi nikasema aliyevuta kamba ni mimi, na mkuu wa nyumba ni mimi. Askari akachoka na sisi, akasema tuandike maelezo wote. Nilieleza kila kitu, pamoja na mzee. Walipofika kwake walikuta nyumba imefungwa. Kuna watu upande ule hawanisalimii mpaka leo kwa sababu hiyo, na mimi nimekubali iwe hivyo.

Tulilala mahabusu, kila mtu upande wake. Kupitia ukuta nilikuwa namsikia Elia anakohoa, nikawa nakohoa na mimi ajue nipo.

Kilichotuokoa ni mambo mawili. Tulikwenda kwa miguu yetu, na mtendaji alituongelea vizuri. Tukaachiwa kwa onyo kali na kuripoti kituoni kwa miezi kadhaa. Wangeweza kufanya vingine. Msichukue hii kama ushauri wa kisheria, kila kituo na siku yake.

Ombi langu la kibali likarudi mwanzo kabisa. Naendelea nalo. Bado sina bunduki ya kiwandani, na sijui kama nitapata.

Fisi je? Tulikwenda Singida mjini, duka la vifaa vya ujenzi, tukanunua wavu wa chuma ule mzito. Mwenye duka, mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapo hapo, alituuliza ni wa nini, tukamwambia. Akasema, "Chimbia chini pia dada, fisi anafukua." Tukachimbia. Tukafunika na juu. Mbuzi wanalala humo, na sisi alfajiri hatutoki peke yetu. Fisi bado wanapita, asubuhi tunaona nyayo zimezunguka banda lote. Tangu hapo hatujapoteza hata kitoto.

Kwa hiyo jamaa uliyeuliza, jibu langu ni hili. Bunduki ya kiwandani ilishapigwa kwa majaribio ikiwa bado kiwandani, wakaona inahimili, wakaipa namba, ndiyo ikaja kwako. Ya kuunganishiwa inajaribiwa kwa mara ya kwanza ikiwa kwenye shavu lako. Na hata ikipona jaribio, bado ni kosa, utaificha maisha yako yote kama ugonjwa wa aibu. Kibali kinachelewa, ni kweli. Kuchelewa kunauma. Lakini wakati unasubiri unaweza kujenga banda.

Naomba waliopitia mlolongo wa kibali, hasa mikoa yenye wanyama, waseme hapa walifanyaje wakati wa kusubiri. Na kama kuna anayejua njia nyingine ya kuzuia fisi mbali na wavu, atusaidie wengi.

Anayetaka kunitumia ujumbe kuuliza fundi anapatikana wapi, asijisumbue. Sitajibu.

Elia amesoma yote haya kabla sijatuma. Kasema niandike kwamba yeye hakuogopa, alitapika kwa sababu ya moshi wa baruti.

Nimeandika. Lakini aliogopa.