Chuo cha Jogoo la Kwanza

Kosa hili ni langu, sina wa kumsingizia. Hapa Bagamoyo wapagazi wa misafara huondoka jogoo la kwanza, giza bado nene, nami nikaamuru wanafunzi wangu wa Kurani waanze chuo wakati huohuo. Wadogo walizoea. Vijana wakubwa walisinzia, Mwanahawa kuliko wote, naye alikuwa amebakiza juzuu mbili tu ahitimu.

Nikamwita mama yake nimwambie kwamba mwaka huu binti hahitimu. Nikiwa namngoja, niliwaandikia wadogo alifu na be kwa wino kwenye ubao, nikainamisha kichwa juu yake kupumzisha macho. Nilipoinuka, jua lilikuwa limetoka, Bi Mwanaisha kasimama mlangoni, na chuo kizima kinanitazama.

"Subalheri, mwalimu."

"Subalheri, Bi Mwanaisha. Mwanao ni mvivu, analala chuoni. Mimi naamka kabla yao wote, na sijasinzia hapa hata siku moja."

Akanitazama, akajiziba mdomo kwa upindo wa leso.

"Mwanahawa, hebu msomee mwalimu wako shavu lake."

Mwanahawa akasogea, akasoma kwa sauti: "Alifu. Be, nukta moja chini."