Vijana wa Tanuru Wameungua Jikoni Kwangu

Marafiki, leo wameungua!

Wale vijana watatu waliotupwa kwenye tanuru, Mungu akawalinda? Kwangu hapa Kianjokoma wameungua.

Niliwafinyanga kwa udongo wa plastiki, wadogo kama kidole, niwafundishie watoto kanisani kesho. Nikawatia kwa oveni wakauke.

Hodi! Ni Mama Njeru, mwenyekiti wetu wa akina mama.

"Kabla ya chai, tuombe."

Akaombea nyumba. Akaombea ng'ombe. Akaombea mvua. Mimi nasikia harufu, lakini nani husimama katikati ya maombi?

Aliposema amina nilikimbia. Weusi kama makaa!

Mama Njeru akachungulia. "Pole, mwalimu. Kesho wafundishe ya gharika. Hiyo ni maji tupu."

Jamani, nani ako na udongo wa bluu?