Meza Iliyofungwa Kamba Nikiwa Hai

Sisi wa Baraka, mji mdogo wa ziwani, hatukusoma gazetini kwamba kampuni kubwa zinamezana. Tulisoma kwenye tundu la chaja. Mwaka huu chaja ya duara inaingia, mwaka ujao haiingii tena, na kaka aliyekuuzia kifaa anakuambia mwenye kutengeneza chaja ile ameuzwa pamoja na nyumba yake yote. Wewe umebaki na kifaa kizima kisicho na mahali pa kula.

Mimi ni fundi. Meza yangu iko pembeni mwa soko, mkono wa kushoto unapotoka upande wa ndagaa, na kwa muda mrefu kazi yangu kubwa haikuwa simu. Ilikuwa kompyuta ndogo za mkononi, zile zenye kalamu ya plastiki ya kugusia kioo. Shirika moja lilizileta kambi ya Lusenda ilipofunguliwa, vijana wakawa wanapita nazo kuwaandikisha wakimbizi. Tayari zilikuwa za zamani. Nadhani huko zilikotoka hakuna aliyezitaka tena, na sisi kama kawaida tulizipokea kama bibi harusi. Watu walizibandika jina la ardwazi, kama kile kibao cha chaki cha watoto wa shule. Mradi ulipokwisha, shirika likaziacha mikononi mwa watu, na wauguzi wa vituo vya afya vya huku ziwani wakazishika kwa sababu hazikuhitaji mtandao. Zilikuwa na programu inayokuambia mtoto wa uzito fulani apewe dawa kiasi gani. Huku kwetu mtandao huja kama mgeni, hauulizi na hauagi, kwa hiyo kitu kisichouhitaji ni baraka.

Zilipoanza kufa, ziliniletea riziki. Na mimi nilizipenda. Siku moja nilikwenda kwenye chumba cha intaneti kutafuta programu ya kuzifufua, nikakuta ukurasa wa kampuni yake haupo. Mahali pake palikuwa na alama ya kampuni nyingine, kubwa, inauza vitu vingine kabisa. Nilisoma hadi pesa zangu zikaisha. Kumbe ndugu hawa wa kampuni tatu walishindana miaka mingi, huyu na kalamu, yule na vibonye, wa tatu na kioo cha kugusa kwa kidole. Yule wa vibonye alimnunua wa kalamu, wakapiga picha wakishikana mikono, kisha akaifunga karakana yake. Hakuzitaka kompyuta. Alitaka wateja na ujuzi, kama mtu anayeoa binti wa watu ili apate shamba la mkwe. Muda si muda, na yeye akamezwa na wa kidole. Niliporudi mezani nilikuwa na hasira ya mfiwa. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi zenyewe zilikuwa zimejaa kwenye sanduku langu, kila moja na kalamu yake.

Tangu siku hiyo nilikuwa na fundisho moja, na niliwahubiria wote waliokaa kwenye benchi langu: mkubwa haji kwa fimbo. Anakuja na tabasamu, anakuomba mshirikiane, na siku ya pili jina lako limefutwa.

Ndipo akaja mama mmoja mkimbizi wa Burundi. Alitoka Lusenda na mkoba wa bisibisi, akakodi chumba mkabala na meza yangu, akaweka kabati la vioo, paneli za jua juu ya bati, na simu mpya za kidole zinazong'aa hadi unajiona meno. Alikuwa akitengeneza pia, na alitengeneza vizuri, jambo lililoniudhi zaidi. Wateja wangu wa simu walivuka barabara mmoja mmoja. Walikuwa na adabu ya kunisalimia kwanza. Nilibaki na ardwazi zangu na wauguzi wangu.

Asubuhi moja alivuka yeye, na chai mkononi, akakaa kwenye benchi langu.

"Papa, juu ya nini unakaa mu jua? Ku nyumba yangu nafasi iko. Leta meza, tutumike kazi pamoja."

"Na jina?" nikamuuliza.

"Jina gani?"

Nikamwonyesha kibao changu kilichoandikwa kwa rangi nyekundu, FUNDI ARDWAZI. Nikampa hubiri zima, wa kalamu na wa vibonye na wa kidole, karakana iliyofungwa na picha ya kushikana mikono. Alisikiliza mpaka mwisho, akamaliza chai yake.

"Basi njo unaona mi niko ile kampuni?"

"Mama, mi sisemi kitu. Naona tu chai."

Alicheka, akarudi kwake. Mimi sikucheka. Meza ile ndiyo iliyonilelea watoto, na kwenye soko mtu asiye na meza hana mahali pa kuuliziwa.

Mwaka huohuo jicho langu la kulia likaanza kuona ukungu. Fundi wa vitu vidogo bila jicho ni sawa na mchungaji bila sauti. Walisema ni mtoto wa jicho, na kwamba ng'ambo, Kigoma, kuna daktari anayemwondoa. Mke wangu alikusanya, kanisa likakusanya, nikapata nafasi kwenye boti.

Sasa lazima nieleze kawaida yetu. Sokoni kwetu meza ya mtu aliye hai haifungwi. Ukisafiri, unaacha kitu chako juu yake, kikombe au kofia, na jirani anauza kwa niaba yako mpaka urudi, hata kama anauza bidhaa ileile na mnagombania wateja kila siku. Kamba ni ya marehemu. Mtu akifa, jirani wa karibu ndiye anayeifunga meza yake kwa kamba, na inakaa hivyo hadi matanga yaishe. Kila mtoto wa soko anajua hivyo.

Na mimi nilijua. Lakini jirani yangu wa karibu alikuwa nani? Yeye. Kumwachia kikombe ilikuwa kumpa ufunguo wa nyumba. Basi nilifunika meza kwa turubai la plastiki, nikaizungushia kamba ya nailoni, nikakaza mafundo kwa meno, nikaenda zangu ufukweni. Niliwaza upepo na wizi tu. Kiburi kina akili za namna hiyo.

Kabla boti halijafika ng'ambo, nilikuwa nimekwisha kufa. Bamama wauza ndagaa waliona kamba wakashusha sauti. Mmoja alisema alijua tangu zamani kwamba ugonjwa ule haukuwa wa jicho tu. Alasiri walifika nyumbani na unga, makaa na kuni, tayari kwa kilio, wakamkuta mke wangu anatwanga sombe, majani ya muhogo, huku anaimba. Walimtazama kwa huruma, wakidhani amepagawa. Ilimchukua muda kuwaeleza kwamba mumewe yuko hai na ana kichwa kigumu tu. Walicheka, lakini unga wa msiba haurudishwi, kwa hiyo nyumba yangu ilikula matanga yangu kwa wiki nzima.

Nilisikia hayo kwa simu, nikiwa nimelala Kigoma na kitambaa juu ya jicho.

"Baba, unajua we ulikufa?" mke wangu alisema. "Infirmière, ule muuguzi wa njia ya Kazimia, alikuja na ardwazi yake imezimika. Aliona kamba, akalia palepale mu soko. Njo ule mama wa Burundi wa mbele akatoka, akakata kamba na kisu. Akasema, 'Muntu hayakufa, iko muzima.' Sasa iko anakaa ku meza yako."

"Anakaa?"

"Kila siku. Sanduku alifungua."

Mtu aliyefunikwa jicho ana muda mwingi wa kuona. Nilimwona akitoa ardwazi zangu sandukuni, akichukua skrubu na vioo, akikifuta kibao changu kwa kitambaa chenye petroli. Niliwaona wauguzi wangu wakivuka barabara. Daktari alikuwa mtu mpole sana, na Mungu ambariki popote alipo, lakini kila aliposema tungoje nitazame tena, nilimchukia kidogo. Sikulilia jicho. Nililia meza. Nilikuwa na hakika nikirudi nitakuta mahali patupu, na watu wakinisalimia kwa upole ule wanaompa mtu aliyekwisha.

Niliposhuka Baraka sikwenda nyumbani. Nilikwenda sokoni moja kwa moja, na miwani yangu nyeusi na mfuko begani. Kwa mbali niliona milango ya chumba chake imefungwa, kabati la vioo halionekani, na moyo ukaniambia: umeona, amehamia kwako.

Alikuwa kwenye kigoda changu, lenzi yangu ya kukuzia kwenye paji la uso. Kibao kilikuwa palepale. Rangi nyekundu haikuguswa.

"Karibu, Papa," alisema bila kuinuka. "Kiti yako iko na musumari. Ilinitoboa tangu siku ya kwanza."

Mbele yake ilikuwa ardwazi ya muuguzi, inawaka. Niliichukua, nikaigeuza. Betri za namna ile hazitengenezwi tena popote duniani, nilikuwa nimezitafuta hadi kuchoka. Yeye alikuwa amefungua simu mpya kutoka kabati lake, mpya kabisa, ya kidole, akatoa betri yake, akaunganisha nyaya mbili kwa risasi ya kuchomelea na kuifunga mgongoni mwa ardwazi kwa utepe mweusi. Imetokeza nundu, lakini inafanya kazi. Yaani alikuwa amemchinja mkubwa ili mdogo ale. Nilitazama kwa jicho langu jipya nikitafuta kosa. Nyaya zilichomelewa safi kuliko zangu. Utepe ulikuwa umepinda kidogo, na nikamwambia.

"Ndiyo, imepinda," alisema.

"Na duka yako? Umefunga?"

"Muntu mumoja hawezi kukaa ku viti mbili."

"Ungewapeleka wale wateja kwako. Kuna kivuli."

Ndipo aliponitazama. "Papa, ile siku ulinihubiria, nilisikia. Nikiwapeleka kwangu, ukirudi utasema nilikumeza. Banatafuta meza yako, njo nikakaa ku meza yako. Pesa yako iko ku bibi yako, mama wa batoto."

Nilikaa kwenye benchi langu mwenyewe, upande wa wateja. Nilitaka kusema aksanti, na nilisema, lakini ilitoka ndogo. Nikasema tena. Alitikisa kichwa kama mtu anayefukuza nzi, akainama chini ya meza, akatoa kitu alichokizungusha vizuri kama kamba ya kuchotea maji. Ilikuwa nailoni yangu. Palipokatwa kwa kisu alikuwa amepachoma kwa moto ili pasifumuke.

"Kamba yako njo hii. Uichunge."

"Itupe. Imeniua mara moja, inatosha."

"Apana, usitupe." Aliiweka magotini mwangu. "We uko na bibi, batoto, bandugu, kanisa. Siku utakufa, hata bakifunga meza na majani, batu watajua. Mi batu yangu wamoja wako ng'ambo, wengine balishakufa. Miaka yote niko mu hii soko, ile siku ya kamba njo nilijiuliza: siku mi nitakufa, nani atafunga meza yangu? Batavunja tu mulango, wagawe simu. Basi kamba ni yangu. Utanifungia we."

Niliishika ile kamba kwa mikono miwili. Nilikuwa nimekaa miezi nikiogopa kwamba anataka kuchukua mahali pangu, na yeye alikuwa akitafuta jirani.

Wiki iliyofuata nilivuka barabara na meza yangu, wabeba mizigo wawili mbele na mimi nyuma nimeshika kibao. Tumekitundika juu ya mlango wake, na chini ya FUNDI ARDWAZI tukaongeza NA SIMU. Ardwazi zimebaki chache, na siku moja zitakwisha, nimekubali. Aliyezitengeneza alimezwa, na aliyemmeza naye alimezwa, na hakuna aliyewafungia kamba. Mimi namshukuru Mungu kwa jicho, namshukuru mke wangu kwa kuimba akitwanga, na namshukuru mama huyu kila asubuhi anaponiletea chai ambayo siku hizi nainywa.

Kamba iko ndani ya sanduku, chini ya ardwazi zilizokufa. Mara mojamoja, tukiwa tumeinamia kazi, ananiuliza bila kuinua kichwa kama bado iko. Namjibu kwamba iko, na kwamba haina haraka.