Nyumba ya Bi Siukim

Peichun alirudi kwao Lukang, mji mdogo wa Taiwan, na shahada ya usanifu, sanduku la rangi, na kichwa kilichojaa mipango. Chuoni Taipei walimwimbia kila siku kwamba msanii ni yule anayeacha alama duniani. Mwaka mzima akabisha hodi kwenye ofisi za watu, akachora maboksi ya dawa ya meno, mwisho wakamwambia asante, tutakupigia. Hawakupiga. Akarudi kwao, akapata kazi kwa mjomba wake Hiong, fundi wa nyumba za karatasi wanazochomewa marehemu ili wakaishi humo huko waliko. Kwa hiyo kila alichokitengeneza, alama yake ilikuwa jivu.

“Mpwa wangu huyu,” Mjomba Hiong aliwaambia wateja, akichana fito za mianzi, “ndiye msomi pekee nchi nzima aliyekaa darasani miaka minne ili aje atengeneze vitu vya kutiwa kiberiti.”

“Na wewe Mjomba hukukaa hata siku moja, na vyako vinatiwa kiberiti vilevile.”

“Si ndiyo maana sikukaa!”

Alicheka naye, lakini utani mwingine unachoma. Peichun alikuwa na haja moja tu moyoni, na hakuona aibu kuwa nayo: siku moja kazi yake isimame kwenye ukumbi, na pembeni yake pawe na kikaratasi chenye jina lake. Kidogo tu. Watu wasome.

Babu Khoo aliingia dukani wiki chache baada ya kumzika mkewe. Mtaa wote ulimjua, maana wote tulikulia kwenye supu yake ya vibonge vya samaki. Mjomba Hiong alimwonyesha majumba yaliyopangwa ukutani: ghorofa tatu, gari mlangoni, vijakazi wawili wa karatasi wamesimama na trei.

Babu Khoo alitikisa kichwa. “Siukim atapotea humu. Na hawa wasichana unadhani watamtumikia? Atawapikia yeye.”

“Sasa Mzee unataka nini?”

“Nataka ile yetu ya zamani, nyuma ya kibanda cha supu. Vyumba viwili.”

Nyumba hiyo ilishabomolewa zamani, soko lilipopanuliwa, na picha yake hapakuwa na mtu aliyekuwa nayo. Mjomba alijikuna kisogo. Peichun aliweka brashi chini na kusema, “Nitaijenga mimi, Babu. Wewe nihadithie tu.”

Basi jioni kwa jioni alikwenda kukaa kwa mzee, anakunywa supu, anachora. Jiko lilikuwa upande gani? Dirisha lilifungukia wapi? Babu Khoo alianza kwa kupima kuta kwa mikono hewani, akaishia kusimulia mambo yasiyopimika. Hawakujaliwa watoto. Bi Siukim alikuwa mfupi, hata mumewe akamkatia miguu ya stuli moja ili nyayo zake zifike chini. Kulikuwa na paka mwizi wa samaki, Babu akimfukuza mlango wa mbele na Bibi akimwingizia wa nyuma. Mara nyingine mzee alicheka mpaka akajifuta machozi, na Peichun hakujua tena yalikuwa machozi ya nini.

Na nyumba ikatoka. Ewe msomaji, ikatoka! Haikuzidi urefu wa meza, lakini ukichungulia mlangoni uliona sufuria zimefunikwa, kalenda ukutani, ndala mbili zimeelekezwa nje, stuli ndefu na stuli fupi, na juu ya paa la bati la karatasi, paka amejikunja. Peichun alikuwa hajawahi kutengeneza kitu kizuri namna ile maishani mwake. Alijua.

Na Bi Lien naye alijua. Huyu alikuwa mwanamke wa Taipei, mchaguzi wa kazi za maonyesho ya wasanii vijana, aliyepita Lukang kutembea tu. Alisimama mbele ya ile nyumba kwa muda mrefu, halafu akasema amebakiwa na nafasi moja. Gari lake lingepita Jumamosi mchana kuichukua.

“Jina lako litakaa ukutani, mdogo wangu,” alisema. “Kuanzia hapo milango itafunguka yenyewe.”

Lakini Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya arobaini na tisa tangu Bi Siukim afariki, siku ya kuchomewa nyumba yake. Peichun aliwaza usiku na mchana, na wazo lililomjia lilikuwa baya, ila lilikuja limevaa nguo nzuri. Moto haubagui. Mzee macho yake yana ukungu. Nikimtengenezea nyingine kama hii, nani ameumia?

Mjomba alikuwa amekwenda mji wa Changhua kwa mteja. Peichun akaijenga ya pili haraka haraka. Kwa nje, kuta zilezile, bati lilelile, hata paka. Ndani hakuweka kitu, muda ulikuwa umekwisha. Ili mtu asichungulie akaona utupu, aliupaka mlango gundi na kuubana ukaganda. Ile ya kweli akaifunika shuka nyuma ya duka.

Jumamosi asubuhi Babu Khoo alikuja, bakuli la supu mkononi limefungwa kitambaa.

“Kula kwanza, umekonda.” Kisha akaigeukia nyumba. Aliizunguka polepole, mikono nyuma. “Ndiyo hii,” akasema. “Ndiyo hii kabisa, mwanangu. Mungu mlinzi wa mlango wako akulinde. Nilikuwa silali, nikiwaza mama wa watu yuko nje bila paa.”

Peichun aliinamia supu.

Babu akanyoosha kidole, akausukuma mlango. Ukagoma. Akasukuma tena, taratibu, kama mtu anayeogopa kuvunja.

“Binti, haufunguki.”

“Ni gundi, Babu. Haijakauka.”

“Aa.” Alibaki ameutazama. “Ni kwamba funguo nilikuwa nashika mimi. Yeye alikuwa mpotezaji, hata sindano anapoteza. Akitangulia kurudi nyumbani alinisubiri pale kwenye ngazi. Siku nyingine namkuta ameloa chapachapa, anatetemeka, na bado ananicheka.” Akapapasa mlango kwa kidole. “Sasa huko ametangulia, na mimi bado niko huku. Nani atamfungulia?”

Hakuwa analaumu. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anavyomuuliza fundi.

Peichun aliweka bakuli chini. Akaenda nyuma na kuivuta ile shuka.

“Babu, hiyo siyo. Ya kwenu ni hii.” Akamweleza yote bila kujitafutia udhuru: Taipei, ukumbi, jina ukutani, gundi. “Nilitaka kumpa Bibi nyumba tupu. Nisamehe.”

Mzee aliisogelea ile nyumba. Aliinama, mlango ukafunguka kwa ncha ya kidole, naye akachungulia kwa taa ya simu ya Peichun. Alikaa hivyo mpaka Peichun akatamani atukanwe tu yaishe.

“Stuli!” sauti ya mzee ikatoka humo ndani, imepasuka. “Na paka mwizi! Loo, na ndala!” Akajiinua, mashavu yameloa. “Huyo mama wa Taipei anakuja saa ngapi?”

“Mchana.”

“Basi mpe. Watu waione. Sisi tutachoma siku nyingine, Siukim amezoea kunisubiri.”

Na alimaanisha. Hapo ndipo palipokuwa pagumu, kuliko kama angekasirika. Peichun angeweza kusema ndiyo, kwa ruhusa na baraka, na hakuna ambaye angemnyooshea kidole. Aliitaka ile nafasi mpaka meno yakamuuma.

“Hapana, Babu,” alisema. “Amesubiri vya kutosha.”

Gari lilipokuja alilirudisha. Bi Lien kwenye simu hakupiga kelele, alisema tu, “Utajuta, mdogo wangu.” Peichun akajibu, “Najua, dada,” akaenda kulia chooni. Tusimfanye malaika. Alilia kwa uchungu wa kukosa.

Jumapili walikwenda uwanja wa nyuma ya hekalu. Ndugu wa marehemu hushika kamba kuuzunguka moto, kwa sababu mizimu isiyo na jamaa hunyemelea mali ya wenzao. Babu Khoo alikuwa na mpwa mmoja na majirani wawili. Kamba ililegea upande mmoja, ikagusa chini.

“Binti, njoo ushike hapa,” mzee alimwita. “Wezi ni wengi.”

Peichun alimtazama usoni kuona kama ni fumbo. Halikuwa fumbo. Alimwita kwa sababu alihitaji mtu wa kumwamini. Uso ulimwaka kabla moto haujawashwa. Akaishika kamba kwa mikono miwili, akaivuta mpaka ikanyooka.

Mjomba Hiong aliwasha kiberiti. Mwali ulianzia kwenye ndala, ukapanda kalenda, ukatoka dirishani. Ilikuwa zamu ya mume kuita, ili mwenye mali ajue ni yake.

“Siukim!” aliita Babu Khoo. “Njoo uchukue nyumba yako!”

Akavuta pumzi, kisha akaongeza jambo ambalo halimo katika desturi yoyote.

“Imejengwa na Peichun! Umesikia? Peichun, mpwa wa Hiong! Ukishaingia, ukakaa kwenye stuli yako, umshukuru yeye, usinishukuru mimi! Peichun!”

Paa likaporomoka ndani. Mpwa wa mzee alirudi nyuma kwa joto, na majirani nao. Peichun alikuwa analia waziwazi, masizi yamemjaa usoni, na Mjomba Hiong alipomwambia imetosha, aachie, alitikisa kichwa. Alibaki na kamba mkononi mpaka majivu yakapoa.